Njia ya Treni Iliyorudishwa kwa Watoto

Mzazi yeyote mwenye mtoto wa miaka sita au saba na baiskeli ndogo nyumbani analijua swali hili: huyu mtoto akaiendeshee wapi? Uani pamebana. Uchochoroni kuna mitaro na mawe. Barabarani kuna daladala, bodaboda na malori ya mchanga, na dereva wa lori hamwoni mtoto ambaye kichwa chake hakifiki hata kwenye taa za mbele. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Basi mzazi anayeifungia baiskeli stoo tusimwite mwoga. Amepima, akaona hapana mahali.

Leo nataka niwaeleze habari za mahali palipopatikana. Ni njia ya kilomita 21 kusini magharibi mwa Uingereza, kati ya miji ya Bristol na Bath. Magari hayaruhusiwi humo. Baba, mama, babu, bibi na watoto wanatoka mji mmoja hadi mwingine kwa baiskeli, na njia yenyewe zamani ilikuwa reli. Hoja yangu leo ni moja tu: reli ikifa, ardhi yake isikatwe vipande. Ibaki nzima, na katika hesabu ya nani apewe, watoto watangulie.

Tuanze na reli yenyewe. Upande wa Bristol ni wa zamani sana: ulianza miaka ya 1830 kama njia ya kusafirishia makaa ya mawe, mabehewa yakivutwa na farasi. Upande wa Bath ulifunguliwa mwaka 1869 na kampuni ya Midland Railway. Kwa karibu miaka mia moja reli ile ilibeba abiria, makaa ya mawe na mizigo ya viwandani. Halafu magari yakaongezeka, shirika la reli likawa linapata hasara mwaka hadi mwaka, na mwaka 1963 mwenyekiti wake, Richard Beeching, akatoa ripoti ambayo Waingereza hawajaisahau mpaka leo. Alipendekeza vituo zaidi ya 2,000 vifungwe, pamoja na reli za urefu wa takriban kilomita 8,000. Mwezi Machi 1966 treni za abiria za Bath kwenye njia hii zikakoma. Za mizigo ziliendelea miaka michache, nazo zikakoma. Reli zikang'olewa na mataruma yake, vichaka vikaota.

Reli ikishafungwa, jambo la kawaida huwa hili. Ardhi inauzwa kipande kipande. Mkulima anayepakana nayo ananunua mita mia tatu, anaongeza shamba. Mwenye duka kubwa ananunua kiwanja cha kituo. Halmashauri inabomoa daraja kwa sababu kulikarabati ni gharama. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, una maana. Lakini baada ya miaka kumi ile njia iliyounganisha miji miwili haipo tena. Kuna vipande tu, na atakayetaka kuviunganisha itambidi avunje nyumba za watu, alipe fidia na ajenge madaraja upya. Hakuna halmashauri itakayokubali gharama hiyo kwa ajili ya baiskeli za watoto.

Bristol nayo ingefika huko. Kilichoiokoa ni watu waliokutana mwaka 1977 wakaunda kikundi walichokiita Cyclebag. Walikuwa wananchi waliochoka kuishi katika mji unaopangwa kwa ajili ya magari peke yake, na kiongozi wao mmoja alikuwa mhandisi, John Grimshaw. Mwaka 1979 walikodishiwa kipande cha kwanza upande wa Bath, kama kilomita nane hivi, wakaingia kazini wakiwa watu wa kujitolea. Walifyeka vichaka, wakasawazisha kokoto zilizoachwa na reli, wakamwaga vumbi la mawe juu yake na kulishindilia. Lami ilikuja baadaye. Jambo la busara walilofanya ni kutosubiri mpaka fedha za njia nzima zipatikane. Kipande kile cha kwanza kilitosha kumwonyesha kila mwenye shaka kwamba watu watakuja, na kweli walikuja.

Miaka ya 1980 Uingereza ilikuwa na watu wengi wasio na ajira, na serikali ilikuwa na mpango wa kuwalipa kwa kazi za manufaa ya umma. Wengi waliokosa kazi viwandani wakapata ujira kwa kujenga njia za baiskeli juu ya reli zilizokufa. Kufikia mwaka 1986 njia ya Bristol na Bath ilikuwa imekamilika. Kikundi cha mwaka 1977 kikazaa shirika la hisani lililoitwa Sustrans, na mwaka 1995 shirika hilo likapewa zaidi ya pauni milioni 40 kutoka fedha za bahati nasibu ya taifa, lijenge mtandao wa njia za baiskeli nchi nzima. Yote hayo yalianzia kwenye kilomita nane za vumbi la mawe.

Sasa msikilizaji utaniuliza: kwa nini reli? Kwa nini wasichukue njia ya shambani au ukingo wa mto? Jibu liko kwenye gurudumu la treni. Gurudumu ni la chuma, reli ni ya chuma, na chuma juu ya chuma hakishiki. Treni nzito ikikuta mlima, magurudumu yake huteleza kama mguu wenye sabuni kwenye sakafu ya saruji. Kwa sababu hiyo wahandisi wa karne ya 19 walipambana na milima kwa nguvu zote. Palipoinuka walichimba wakapita katikati. Palipobonyea walijaza tuta. Kilima kikiwa kirefu mno, walikitoboa. Mwinuko wa reli mara nyingi hauzidi mita moja au mbili kwa kila mita mia za mwendo. Mtu mzima kwenye baiskeli hausikii sana, na mtoto wa miaka sita mwenye baiskeli isiyo na gea anauweza.

Kona nazo ni hivyohivyo. Treni haiwezi kukata kona kali, kwa hiyo njia yake hupinda polepole, na mtoto anamwona anayekuja tangu mbali. Na kwa kuwa treni ikishika breki haisimami upesi, reli ilipishanishwa na barabara kubwa kwa madaraja, ama juu ama chini. Ni mahali pachache tu ambapo leo mwendesha baiskeli analazimika kuvuka barabara. Kwingine malori yananguruma chini ya daraja, mtoto anapita juu yake akiimba.

Mwaka 1869 hakuna aliyemfikiria mtoto. Lakini yote waliyoyafanya kwa ajili ya injini ya tani nyingi ndiyo hasa anayoyahitaji mtu mwenye miguu mifupi na uzoefu mdogo. Na kuna faida nyingine ambayo watu huisahau: treni ilikwenda walipo watu. Inaanzia mjini, inapita vijijini, inaishia mjini. Njia ya msituni ni nzuri, lakini mpaka uwe na gari la kukufikisha huko. Njia ya reli ya zamani inapita nyuma ya nyumba za watu wa kawaida.

Mimi nilipita njia hiyo pamoja na dada yangu, mkazi wa Bristol, na wanawe wawili. Mkubwa, msichana wa miaka sita, alikuwa kwenye baiskeli yake mwenyewe. Mdogo alikaa kwenye kiti cha mtoto kilichofungwa juu ya karia, nyuma ya mama yake. Tulianzia mjini, upande wa Easton. Kutoka hapo njia inapanda kidogo kidogo kwa kilomita kadhaa, kiasi kwamba kwa macho huoni kitu. Unajua unapanda kwa sababu mtoto ameacha kuongea.

Pale Fishponds kuna sanamu ya samaki mkubwa wa matofali, amesimama kwa pua. Tukapumzika mara ya kwanza, na hapo nikaielewa kazi ya sanamu zilizowekwa njiani. Mtoto hahesabu kilomita. Ukimwambia zimebaki kumi na tano, umemkatisha tamaa. Ukimwambia, "Tukifika kwa samaki tunakula ndizi," ataendesha mpaka kwa samaki, na akimaliza ndizi atakuuliza tunakwenda kwa nani sasa.

Kisha tukafika kwenye handaki la Staple Hill, lenye urefu wa karibu mita 470. Msichana akashika breki, akasimama mlangoni, akachungulia.

"Mjomba, treni haitakuja?"

Nikamwambia treni za abiria ziliacha kupita humu kabla hata mama yake hajazaliwa.

"Kweli, mama?"

"Kweli, mwanangu. Twende, mimi niko nyuma yako."

Ndani mna taa, lakini mna baridi hata siku ya jua kali, na maji yanadondoka kutoka kwenye matofali ya darini. Katikati ya handaki sauti hurudi. Mtoto akapiga kengele ya baiskeli, kengele ikamjibu. Akapiga tena. Mdogo wake naye, kule nyuma ya mama, akaanza kupiga kelele ili ajibiwe. Tulipotokea upande wa pili msichana yule alikuwa ametutangulia kwa mita hamsini nzima, na mama yake hakumwita arudi. Hakukuwa na sababu ya kumwita.

Mbele kidogo, Mangotsfield, majukwaa ya kituo cha zamani bado yapo, na kuta zisizo na paa. Watoto hupanda jukwaani wakasubiri treni ya kujifanyia. Ukifika Bitton, wapenzi wa reli wamefufua kipande cha reli ileile, na siku za mapumziko treni ya mvuke hupita kando ya njia ya baiskeli, uzio ukiwa katikati. Kuanzia hapo hadi Bath njia inauvuka mto Avon mara kadhaa kwa madaraja yaleyale yaliyobeba treni. Mwishoni mwa Agosti kingo zote zina matunda meusi ya miiba, na kuchuma ni bure. Tulisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na hakuna aliyetuharakisha.

Nimeeleza habari za yule mtoto kutangulia kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha jambo. Angalia mzazi anayeendesha baiskeli na mtoto barabarani. Maneno yake yote ni amri. Kaa pembeni! Simama! Gari! Usigeuke! Mtoto hafanyi uamuzi hata mmoja, na wala hapaswi kufanya, maana kosa moja pale linaweza kuwa la mwisho. Kwenye njia isiyo na magari amri zinapungua, mazungumzo yanaanza. Mtoto mwenyewe anaamua ashike breki lini, ampite yule mzee mwenye mbwa au asubiri, apige kengele au aseme "samahani". Akikosea, ataangukia nyasi. Atachubuka goti, atalia kidogo, atapanda tena. Hizo ndizo gharama za kujifunza ambazo mtoto anazimudu. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, lakini huwezi kumkunja mtoto mahali ambapo hofu yako wewe mzazi imeshika usukani wake.

Kwa wazazi mnaonisikiliza mkiwa Uingereza, na najua mko wengi, Bristol, London, Leicester na kwingineko, naomba niseme mambo machache ya kazi.

La kwanza, kumfundisha. Magurudumu mawili ya msaada humzoesha mtoto kuegemea, na kuegemea siyo kuendesha baiskeli. Ni bora uziondoe pedali zote mbili kabisa, ushushe kiti mpaka nyayo za mtoto zikanyage chini sawasawa, umwache ajisukume kwa miguu. Atajifunza mizani mwenyewe. Siku utakapoona ameinua miguu yote miwili akateleza mita kadhaa, rudisha pedali. Na unapozifungua, kumbuka kwamba pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume: hufunguka kwa kuizungusha spana kufuata mshale wa saa. Wengi wameharibu hesi kwa kulazimisha.

La pili, kabla ya safari. Bana tairi kwa vidole. Likiwa laini, mtoto anavuta mzigo usioonekana. Jaribu breki kwa mkono wake yeye, maana breki ambayo wewe unaishika vizuri huenda vidole vyake haviifikii. Kwenye breki nyingi kuna skrubu ndogo ya kuusogeza mpini wake karibu na usukani. Beba tyubu, pampu, maji, na chakula kuliko unavyodhani kitahitajika. Beba na sweta kwa ajili ya mahandaki. Kofia ngumu sheria ya Uingereza haiilazimishi kwa mwendesha baiskeli, lakini mtoto avae, na mzazi naye avae ili mtoto asione anaonewa.

La tatu, njiani. Mkiwa watu wazima wawili, mmoja atangulie, mwingine awe nyuma ya watoto. Ukiwa peke yako, kaa nyuma, uwaone wote. Shikeni kushoto. Waenda kwa miguu ndio wenye haki ya kwanza, kwa hiyo mfundishe mtoto kupiga kengele mapema na kushukuru akipishwa. Na mpange safari kwa kuzingatia kurudi. Kuna treni ya kweli kati ya Bath na Bristol, kwenye reli nyingine ambayo ingali hai. Mtoto akichoka, hakuna aibu kuipanda. Ukiuliza mapema utaratibu wa baiskeli, utarudi salama.

Na aliyefika Bath akiwa bado na nguvu, kuna njia nyingine ya kumwonyesha mtoto. Mwaka 2013 ilifunguliwa njia ya mahandaki mawili, juu ya reli iliyokwenda Somerset na Dorset, ambayo nayo ilifungwa Machi 1966. Handaki la Devonshire lina urefu wa mita 400 na kidogo. La Combe Down lina mita 1,672, na ni refu kuliko handaki lolote la baiskeli Uingereza. Lilijengwa bila matundu ya kutolea hewa. Mwezi Novemba 1929 treni ya mizigo ilipanda humo polepole mno, moshi ukawalewesha dereva na mpiga makaa wake wakapoteza fahamu. Treni ikavuka kilele, ikashuka bila mtu wa kuizuia, ikaanguka penye yadi ya mizigo ya Bath. Watu watatu walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Leo ukiingia humo na mtoto unakuta taa ukutani na muziki unaosikika katikati ya giza, uliowekwa makusudi kumsindikiza mpitaji. Mimi naona ni heshima kubwa kwa wale waliokufa kazini kwamba mahali pale panapita watoto wazima wakipumua hewa safi. Mwambieni mtoto habari ile akiwa na umri wa kuielewa. Njia hizi zilijengwa kwa jasho la watu, na wengine walilipa kwa uhai.

Nisiwafiche, njia ya Bristol na Bath ina shida zake, na mojawapo inatokana na kupendwa kwake. Asubuhi na jioni inajaa watu wazima wanaowahi kazini na kurudi, wengine kwa mwendo mkali. Njia yenye upana wa mita tatu hivi, ikiwa na mtoto anayeyumba na mtu mzima anayekimbizana na saa, inahitaji adabu. Wajibu hapo hauko sawa kwa wote wawili. Mtu mzima ndiye apunguze mwendo. Akichelewa dakika mbili ofisini hakuna kitakachovunjika, lakini mtoto akigongwa na baiskeli kwenye njia aliyoahidiwa kuwa salama, hatairudia, na mama yake pia hatairudia.

Shida nyingine ni kwamba ardhi nzuri haikosi wa kuitamani. Mwaka 2008 ulitokea mpango wa kupitisha mabasi ya kasi kwenye sehemu ya njia hii upande wa Bristol. Waliopanga hawakuwa watu wabaya. Mji ulikuwa na foleni, na wao waliona njia nyoofu iliyofika katikati ya mji. Lakini wananchi walijitokeza kwa maelfu, wakatia saini, wakaja na watoto wao, na mpango ule ukawekwa kando. Lililonigusa katika habari hiyo ni kwamba wengi waliojitokeza walikuwa watu ambao walijifunza kuendesha baiskeli pale pale, au walikuwa wanawafundishia watoto wao pale. Njia ilikuwa imepata wenyewe. Kilichoachwa wazi bila kutumiwa hakina mtetezi, na kipande cha ardhi kikikosa mtetezi kwa miaka mitano, mwaka wa sita utakikuta na uzio.

Sasa turudi nyumbani. Afrika Mashariki tunajenga reli, na ni jambo jema. Reli ya kisasa ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Reli ya zamani ya upana wa mita moja nayo ingali inafanya kazi sehemu nyingi. Basi niseme wazi, mzazi asije akanielewa vibaya: reli iliyo hai ni ya treni. Mtoto asitembee juu yake, asicheze juu yake, asipitishe baiskeli kandokando yake kwa kudhani atasikia honi. Ninayoizungumzia ni reli iliyofungwa rasmi, ikang'olewa, ikatengenezwa upya na wenye mamlaka.

Na reli zilizofungwa na kung'olewa tumewahi kuwa nazo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Zanzibar ilikuwa na treni ndogo iliyotoka mjini hadi Bububu, kama kilomita 11. Kusini mwa Tanzania, baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walijenga reli ya kuhudumia mradi wao mkubwa wa karanga wa Nachingwea, wakaishusha mpaka bandari mpya ya Mtwara. Mradi ulianza mwaka 1947, ukashindwa, ukaachwa mwaka 1951. Reli ilibaki bila mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, chuma chake kikang'olewa. Silaumu walioamua wakati ule, nchi ilikuwa changa na ilikuwa na njaa ya mambo mengi. Lakini fikiria, msikilizaji: matuta yalikwisha kujazwa, miinuko ilikwisha kulainishwa, jasho la maelfu ya wafanyakazi lilikwisha kumwagika. Kazi ghali kuliko zote katika kujenga njia salama ya watoto ilikuwa imefanyika tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: chuma ondoeni, ardhi iacheni.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi zenye fedha. Nawaomba waangalie Kigali. Tangu mwaka 2016 jiji hilo limekuwa likifunga baadhi ya barabara zake kwa magari asubuhi za Jumapili zilizopangwa, na familia hutoka kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Hapakujengwa kitu. Palitolewa amri, pakawekwa vizuizi, na lami ambayo jana ilikuwa ya magari ikawa ya watoto kwa saa chache. Haifikii njia ya kudumu, lakini inatuonyesha kwamba kinachotangulia ni uamuzi, na fedha hufuata.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wazazi, msiridhike kuambiwa kwamba baiskeli ya mtoto ni kitu cha kuchezea uani. Daini mahali pa kuiendeshea, mkutanoni kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa diwani wenu, kama mnavyodai maji na zahanati. Waendesha baiskeli watu wazima, mkimkuta mtoto njiani, mpisheni, msimpigie kelele.

Na ninyi maofisa wa ardhi na wapanga miji, hili ndilo ombi langu kubwa. Siku itakapofika ya kufunga kipande chochote cha reli, au barabara ya zamani iliyopata mchepuko, au njia ya kiwanda kilichokufa, msianze kwa kuuliza nani ananunua. Anzeni kwa kuandika kwenye ramani kwamba njia hii yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni mali ya umma na haigawanywi. Si lazima muijenge mwaka huo, wala muweke lami. Bristol walianza na vumbi la mawe. Lakini nao wasingeanza na chochote kama kiwanja kimoja tu katikati kingekuwa kimeuzwa. Mistari michache kwenye ramani, iliyoandikwa kwa wakati wake, ndiyo inayoamua kama mtoto wa miaka sita atakuwa na mahali pa kujifunzia au hatakuwa napo.